Pikipiki ya kuanzia Uingereza, ya kibao cha L (cha mwanafunzi): ninunue ya cc 125 sasa, nisubiri toleo jipya, au niruke moja kwa moja hadi 400?

#1 Mtoto_wa_Kilosa

Wakuu, habari za jioni. Niko Northampton, huu ni mwezi wa kumi na nne tangu nifike. Nafanya kazi ya kuhudumia wazee kwenye kituo kilicho nje ya mji, maili 11 kutoka ninapolala. Zamu ya asubuhi inaanza saa moja kamili, na basi la kwanza linanifikisha saa moja na dakika ishirini. Naishi kwa kuomba lifti kwa mwenzangu, na siku tukipangiwa zamu tofauti nalipa teksi. Mwezi ukiisha, teksi imekula fedha ambayo ingemlipia mdogo wangu ada.

Nyumbani nimeendesha Boxer BM150 miaka minne, kwanza Kilosa, kisha kijiwe cha Msamvu pale Morogoro. Barabara siiogopi. Nina miaka 27. Nimeweka pembeni pauni 2,500, na ndani yake itoke pikipiki, kofia, jaketi, kufuli na bima.

Sasa kichwa kimejaa. Duka la kwanza wameniambia nisubiri, matoleo mapya yanakuja na kioo cha dashibodi cha rangi kinachoungana na simu. Duka la pili wameniambia 125 ni kupoteza fedha, nikafanye mtihani mkubwa nichukue Triumph ya 400. Jamaa wa kazini ananisukuma kwenye Yamaha R125 kwa kuwa inafanana na pikipiki kubwa. Mliopita njia hii, nishikeni mkono.

#2 Fundi_wa_Coventry

Karibu mkuu. Kabla ya jina la pikipiki tuanze na karatasi, maana hapa karatasi ndizo zinazokuchagulia pikipiki.

Leseni yako ya Tanzania ilikuruhusu kuendesha miezi 12 ya mwanzo ya kuishi hapa. Umeshaipita. Na Tanzania na Kenya hazimo kwenye orodha ya nchi ambazo leseni zao zinabadilishwa moja kwa moja, tofauti na Afrika Kusini na Zimbabwe. Miaka yako minne ya Boxer imo mikononi na miguuni mwako, ila kwenye kompyuta ya serikali haimo. Unaanza upya: leseni ya kujifunzia, pauni 34 ukiomba mtandaoni, halafu CBT.

CBT ni mafunzo ya lazima, kwa kawaida siku moja. Asubuhi wanakupima macho, usome namba ya gari kutoka mita 20. Kisha mko uwanjani: klachi, breki, kuzunguka vikoni. Mchana mnatoka barabarani na mwalimu nyuma yako, anakusemesha kwa redio ya sikioni, kwa muda usiopungua saa mbili. Hakuna kufaulu wala kufeli kama mtihani. Mwalimu akiona bado huko salama hakupi cheti, unarudi siku nyingine. Ukikipata kinadumu miaka miwili. Unabandika kibao cha L chekundu mbele na nyuma, unaendesha pikipiki isiyozidi cc 125 na kilowati 11, sawa na nguvu farasi 15 hivi. Kupakia mtu ni marufuku, hata awe mkeo na ni mita mia. Barabara za M, kama M1 inayopita hapo kwenu, huingii.

Juu ya hapo kuna ngazi tatu za leseni. A1 ni kuanzia miaka 17: mipaka ile ile ya 125, ila L inatoka na unaweza kupakia. A2 ni kuanzia miaka 19, mwisho kilowati 35, yaani nguvu farasi 47. A kamili, pikipiki yoyote, ni kuanzia miaka 24 ukienda moja kwa moja. Wewe una 27, kwa hiyo mlango wa A uko wazi. Ila unapita kwanza kwenye mtihani wa nadharia (pauni 23, maswali 50, ufikishe 43, pamoja na video za kutambua hatari), halafu mtihani wa uwanjani (pauni 15.50), halafu wa barabarani (pauni 75 siku za kazi). Nadharia ni kwa Kiingereza, huduma ya sauti za lugha za kigeni waliiondoa mwaka 2014. Ada za mtihani si nyingi. Kinachomaliza fedha ni siku za mafunzo kwenye pikipiki kubwa ya shule.

Kwa hiyo swali langu kwako ni hili, na ukilijibu kwa kweli nusu ya kazi imekwisha: hiyo 125 ni nyumba utakayoishi, au ni kituo cha kupumzikia kabla ya safari? Na pili, hizo maili 11 ni za barabara gani?

#3 Mtoto_wa_Kilosa

Asante sana mkuu, hakuna aliyewahi kunieleza hivi. Maili 4 ni mjini, taa na kiplefti baada ya kiplefti. Maili 5 ni barabara ya vijijini ya ruksa ya maili 60 kwa saa, nyembamba, ina malori ya shamba. Mbili za mwisho ni barabara kubwa ya njia mbili kila upande, magari yanakwenda 70. Kuhusu nyumba au kituo, nadhani kituo. Nataka A kamili ndani ya miaka miwili. Kwa sasa ninachohitaji ni kufika kazini.

#4 Likoni_hadi_Luton

Ndugu zangu salaam. Mimi napeleka chakula kwa pikipiki Luton mwaka wa tatu sasa, na cheti cha CBT nimekifanya mara mbili. Ukiweza usikae kama mimi. Kila nikisema mwezi huu nitaketi kwa nadharia, kazi inanivuta.

Nina mawili ya kukwambia. La kwanza, ukija kushawishika kupeleka chakula siku za mapumziko, bima ya kwenda kazini haikufuniki. Yataka bima ya kubeba kwa malipo, na ghali yake si ya mchezo. Polisi akikusimamisha na begi mgongoni huna bima hiyo, ni kama huna bima kabisa.

La pili, wizi. Hizi 125 huibwa sana, hasa skuta. Mwizi haendi na ufunguo. Hukaa juu, hukanyaga usukani kwa mguu mpaka kufuli ya usukani ivunjike, kisha mwenziwe humsukuma kwa pikipiki nyingine. Yangu ya kwanza iliondoka hivyo mbele ya mlango wangu, dakika chache nikiwa ndani napanda ngazi. Nilikuwa na kufuli ya diski peke yake. Siku hizi nina mnyororo mnene nimeufunga kwenye pete niliyoichimbia sakafuni, na kifuniko juu, kwa sababu mwizi asiyeiona aina ya pikipiki hupita. Katika pauni 2,500 zako tenga 150 za kufuli kabla hujatenga za kofia ya pambo.

#5 Binti_Makorora

Habari zenu. Mimi niko Leicester, nimetoka Tanga, na nataka kusema kitu ambacho wanaume wa majukwaani huwa wanakiruka: urefu wa kiti.

Mimi nina sentimita 155. Siku ya CBT shule ilinipa pikipiki ya gia ambayo nikikaa, vidole tu ndivyo vinagusa. Kwenye kikoni cha tatu nikasimama, mguu wa kushoto ukatua kwenye kijibonde cha lami, pikipiki ikaanza kulala. Unajua ile sekunde unapojua haitarudi tena? Niliiachia, nikaruka pembeni. Kioo kikavunjika, leva ya klachi ikapinda kama ndoano. Mwalimu, Mungu ambariki, hakupandisha sauti. Aliniletea nyingine ya chini zaidi, na mchana ule nikapata cheti.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza nguvu farasi, kaa juu yake dukani na viatu utakavyovaa. Honda CB125F kiti chake kiko milimita 790, CB125R ni 816, Yamaha R125 ni 820. Kwenye karatasi tofauti ni upana wa vidole viwili. Barabarani, asubuhi ya mvua kwenye mteremko, hiyo ndiyo tofauti ya nyayo nzima na vidole. Na uzito uuangalie hivyo hivyo: CB125F ina kilo 117 ikiwa na mafuta. Ikianguka naiinua peke yangu.

#6 Fundi_wa_Coventry

Binti Makorora umesema jambo kubwa. Sasa nirudi kwenye hili la matoleo mapya, kwa sababu ndilo linalowachanganya wengi na ndiko maduka yanakouzia maneno.

Mkuu wa Kilosa, ukisikia toleo jipya uliza swali moja: wamebadilisha nini kinachogusa barabara? Chukua CB125F hiyo hiyo. Ilianza 2015. Mwaka 2021 Honda waliibadilisha kwelikweli: injini mpya, fremu mpya, ikapungua kilo 11. Hayo ni mabadiliko unayoyasikia kwenye mikono kila siku. Kwa toleo la 2025 wakaweka kioo cha rangi kinachoungana na simu na mfumo wa kuzima injini kwenye taa, na kuitimizia kanuni za moshi. Ni vizuri, lakini ile ya 2021 na hiyo ya 2025 zitakufikisha kazini dakika ile ile. Mafuta zote zinanusa tu: Honda wanahesabu lita 1.5 kwa kilomita 100, tangi ni lita 11. Safari yako ya kwenda na kurudi ni kilomita 35. Wiki ya siku sita hutumii hata lita nne.

Kwa nini matoleo yamebadilika kwa wingi hivi? Kanuni za moshi za Ulaya, Euro 5+, zilianza kuzibana pikipiki zote mpya Januari 2025. Watengenezaji hawatengenezi pikipiki moja ya Ufaransa na nyingine ya Uingereza, kwa hiyo mabadiliko yanatufikia na sisi. Injini nyingine zikarekebishwa, nyingine zikaonekana hazina faida ya kurekebisha zikaachwa. Kwa mnunuzi kama wewe hilo lina maana moja ya fedha: toleo jipya likishuka, lile la nyuma yake linashuka bei siku hiyo hiyo, na halijapoteza hata boliti moja.

Penye kulipia zaidi ni breki. Tangu kanuni za Euro 4, pikipiki mpya ya zaidi ya cc 125 lazima iwe na ABS (breki zinazozuia tairi lisijifunge), lakini ya 125 na chini mtengenezaji anaruhusiwa kuchagua ABS au breki zilizounganishwa, yaani ukikanyaga ya nyuma na ya mbele inashika kidogo. CB125F ina hizo zilizounganishwa. CB125R, R125, MT-125 na Duke 125 zina ABS. Wewe umetoka kwenye vumbi na matope ya Kilosa, unajua tairi likiteleza linavyokuwa. Hapa kuna kitu hukukutana nacho: Novemba, majani ya mti yaliyolowa yamelala kwenye kona, rangi ile ile ya lami. Nilifunga breki juu yake mwaka wangu wa kwanza, bila ABS, nikateleza mita kumi na ubavu. Jaketi liliisha begani, mimi nikabaki. Tangu hapo mtu akiniuliza aongeze fedha kwenye kioo cha rangi au kwenye ABS, simuachi amalize swali.

Kuhusu R125: ni pikipiki nzuri mno, na toleo la 2023 lina kioo kizuri na kizuia utelezi. Ila ni kiti cha juu, mikono iko chini, na umbo lake linawavutia watu ambao hutaki wavutiwe. Bima itakuambia hivyo hivyo ukiweka namba yake kwenye tovuti ya kulinganisha bei. Fanya hivyo kabla ya kulipa, tafadhali. Nimeona kijana amenunua pikipiki Jumamosi, Jumatatu akakuta bima inakaribia nusu ya bei ya pikipiki.

#7 Mzee_wa_Ealing

Nawasalimu wote. Fundi namheshimu lakini hapa natofautiana naye. Kijana ana miaka 27, ana uzoefu wa miaka minne kazini, na anasema anataka A kamili. Kwa nini anunue 125 aiuze baadaye kwa hasara? Akusanye fedha hiyo alipie mafunzo, apite mitihani yote mitatu, anunue 400 iliyotumika. Zile maili mbili za barabara ya 70, na 125 inayokata roho kwenye 58, lori linakuja nyuma yako limejaa kwenye kioo. Mimi nimeishi hilo kwenye barabara ya A40. Upepo wa lori likikupita unakusogeza futi mzima. Hapo usalama uko kwenye nguvu ya kuondoka.

Na soko la hizo za katikati halijawahi kuwa zuri hivi. Triumph walileta Speed 400 kwa pauni 4,995 ilipotoka, injini ya cc 398, nguvu farasi 39 na ushee, sevisi kubwa kila maili 10,000. Kawasaki wameiondoa Ninja 400 wakaleta 500 mwaka 2024, cc 451. Honda mwaka huo huo wakaipa CB500F jina la Hornet, na CB500X ikawa NX500. Royal Enfield wana Himalayan 450, na kwa anayependa mtindo wa zamani, Interceptor 650 yenye nguvu farasi 47, inaingia A2 bila kubanwa chochote. Zile Ninja 400 na CB500X za wenyewe waliobadilisha sasa zimejaa kwenye matangazo.

#8 Fundi_wa_Coventry

Mzee wangu, shikamoo. Kuhusu upepo wa lori umesema kweli, na hizo maili mbili ndizo zinazonipa wasiwasi kuliko kitu kingine kwenye uzi huu. Lakini tazama kalenda. Kijana anapoteza fedha ya teksi leo. CBT anaweza kuipata wiki ijayo au ile nyingine. Nadharia, uwanjani na barabarani, na foleni za kupata tarehe, atakuwa na bahati akimaliza masika. Miezi hiyo yote anakwendaje kazini? Na pauni 2,500 haitoshi mafunzo, pikipiki ya 400, bima na nguo.

Kuna na jambo la pili, nalisema kwa upendo kwa wote waliotoka kijiweni. Uzoefu wetu una dhahabu na una kutu. Dhahabu ni mizani na kusoma watu. Kutu ni zile tabia zinazokufelisha. Mwalimu wangu alinisimamisha mara tisa asubuhi moja kwa kosa lile lile: sikugeuza shingo kuangalia begani kabla ya kukata kona. Nyumbani nilitegemea honi na sikio. Mtihani wa uwanjani una kukwepa na breki ya dharura, vyote kwenye kilomita 50 kwa saa, na ukiweka mguu chini pasipotakiwa unaweza kufeli. Miezi sita ya 125 inaisafisha kutu hiyo kwa bei ndogo. Pikipiki ya kilo 117 inakusamehe. Ya kilo 170 yenye nguvu farasi 45 haikusamehi sana.

Kwa hizo maili mbili, mkuu wa Kilosa, fungua ramani usiku huu utafute njia ya pembeni. Mara nyingi ipo, ya zamani, inayopita kijijini, inakuongezea dakika sita. Ukiwa na L ichukue hiyo.

Halafu nikuguse na kitu cha kwetu. Hizo Triumph 400 zinatengenezwa India, Chakan, na Bajaj. Ndiyo, Bajaj ya Boxer yako. Na Duke ndogo za KTM zinatoka hapo hapo. KTM walipoomba ulinzi wa ufilisi Austria Novemba 2024, aliyeingiza fedha ya kuwaokoa ni Bajaj. TVS nao, wale wa HLX mnaowajua vijiweni, ndio waliotengeneza BMW G310, na tangu 2020 wamiliki wa Norton, zile pikipiki za Kiingereza, ni wao. Mtu asikudharau kwa kusema ulijifunzia Boxer. Mikono ile ile iliyofunga injini yako Morogoro ndiyo inayofunga hizi zinazowekwa kwenye vioo vya maduka hapa. Sema tu kipindi KTM wanayumba maduka yalikuwa na Duke nyingi za punguzo, na bado unaweza kukuta iliyotumika maili chache kwa bei nzuri. Uliza kwanza upatikanaji wa vipuri kwenye duka lenyewe.

#9 Likoni_hadi_Luton

Skuta nayo isisahaulike. PCX125 ni raha ya mji, kiti chini, mzigo unaingia chini ya kiti. Lakini ndugu yangu, kama wataka A kamili jifunze ya gia. Ukifanya mtihani kwa pikipiki isiyo na klachi, leseni yako yabaki ya zisizo na klachi.

Na ukinunua kwa mtu, tahadhari na zilizotoka kwenye kazi kama yangu. Zaonekana safi, zimeoshwa. Tazama nyuma ya kiti kama kuna matundu ya kufungia sanduku. Tazama mpira wa kukanyagia, ukiwa umelika upande mmoja na saa yasema maili 6,000, saa hiyo yadanganya. Usukani uzungushe taratibu kushoto kulia tairi la mbele likiwa juu, ukihisi kama wakwama katikati, beringi zimekwisha.

#10 Binti_Makorora

Naongeza karatasi. Kwenye tovuti ya serikali unaingiza namba ya pikipiki bure unaona historia yote ya ukaguzi wa kila mwaka, na maili zilizoandikwa kila mara. Pikipiki mpya haikaguliwi mpaka itimize miaka mitatu, kwa hiyo ya chini ya hapo haitakuwa na historia. Kadi yenyewe ya usajili, jina lililoandikwa ni la mtunzaji, si ushahidi wa umiliki. Mtu anaweza kuwa na kadi na bado pikipiki ina deni la kampuni ya mkopo. Lipia ule ukaguzi wa deni na wizi. Mimi sikulipia. Nilinunua kwa mtu binafsi, mpole, tukanywa na chai, miezi miwili baadaye ikaja barua. Nilipoteza pikipiki na fedha. Ningetoa pauni chache siku ile, yote hayo yasingenikuta.

#11 Mtoto_wa_Kilosa

Wakuu, nimekaa kimya wiki tatu, narudi na habari.

CBT nimefanya Jumapili iliyopita. Mwalimu aliniuliza nimeendesha wapi, nikamwambia, akatabasamu akasema tutaona shingo. Fundi, alinisimamisha mara nne, si tisa. Mara ya mwisho nilikuwa natoka kwenye kiplefti, nikageuza shingo bila kukumbushwa, nikamsikia kwenye redio anasema "hapo hapo". Nilirudi nyumbani na cheti mfukoni nikawapigia simu nyumbani.

Njia ya pembeni ipo. Inapita vijiji viwili na daraja jembamba, inaongeza dakika saba.

Pikipiki nimeziona mbili. Ya kwanza ni CB125F ya 2021, maili 7,400, mwenyewe ni mama mwalimu aliyepita A2 akanunua Rebel 500. Pauni 1,750. Historia ya ukaguzi inalingana na saa, haina deni, haina matundu nyuma, usukani unazunguka laini. Ya pili ni CB125R ya 2021, maili 5,100, ina ABS na nguvu farasi 15, pauni 2,450. Bima ya ya kwanza wananiambia 390 kwa mwaka, ya pili 560. Nimekaa juu ya zote mbili, miguu inafika.

Moyo unaenda kwenye R kwa sababu ya ABS na yale majani ya Fundi. Mfuko unasema F.

#12 Fundi_wa_Coventry

Mkuu, ukiniuliza kwa fedha isiyo na kikomo ningesema R bila kupumua. Lakini ukichukua R kwa 2,450 na bima 560, umeshapita bajeti kabla ya kofia na mnyororo. Utavaa glavu za sokoni na kufunga kwa kufuli ya baiskeli. Chukua F. Mwombe huyo mama 1,650, naona atakupa kwa kuwa wewe ni mwanafunzi na yeye alikuwa hivyo juzi. Fedha inayobaki weka kwenye vitu vitatu: kofia mpya iliyopimwa na kukukaa vizuri, glavu za mvua, na tairi. Angalia tairi zilizopo. Kama ni zile za mwanzo za kiwandani na zimekaa miaka, badilisha zote mbili uweke za mvua nzuri. Haziwi ABS, ila kwenye breki zilizounganishwa tairi jipya linashika ambapo la zamani linaachia. Na nadharia uibuku wiki hii kabla kazi haijakuvuta, umemsikia ndugu wa Luton.

#13 Mtoto_wa_Kilosa

Ametoa kwa 1,680, na mnyororo wake wa zamani wa kufungia pikipiki akanipa bure. Tairi ya nyuma ilikuwa ya kiwandani, imekauka pembeni, zote mbili nimebadilisha Ijumaa. Nadharia nimebuku, tarehe 19 mwezi ujao.

Leo ndiyo asubuhi ya kwanza. Nimetoka saa kumi na mbili na robo, giza, digrii 3. Kwenye daraja kulikuwa na kitu kinang'aa, nikashuka gia ya pili, nikapita kama nabeba mayai. Nimefika kituoni saa moja kasoro kumi na mbili. Bibi mmoja ninayemhudumia alikuwa dirishani, akaniuliza nimekujaje mapema hivyo, nikamwonyesha ile L pale nje.

Swali lililobaki: wameshaanza kumwaga chumvi barabarani, na cheni jioni ilikuwa na rangi nyeupe. Nyumbani tulipaka oili chafu tukaendelea. Hapa mnaosha kila siku au kila wiki, na mnapaka nini?

#14 Binti_Makorora

Hongera sana kaka. Kila ukirudi, mwagia maji ya kawaida, ya baridi, si ya moto, maana ya moto yanaisaidia chumvi kula chuma. Cheni isugue kwa brashi na dawa ya kusafishia mara moja kwa wiki, paka grisi ya kupuliza injini ikiwa imezimwa, uzungushe tairi kwa mkono. Oili chafu acha, inakamata chumvi. Na nyuma ya rimu usisahau, ndiko kutu inakoanzia.